Upande wa Ukutani

Duka la Muteti lilikuwa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, nyuma ya posho mill, na kwa hiyo kila kitabu alichokijalidi kilitoka na vumbi jembamba la unga kati ya kurasa zake. Wateja hawakulalamika. Walimletea Biblia zilizopoteza kitabu cha Mwanzo, vitabu vya nyimbo vilivyochanikia kwenye zile nyimbo zinazopendwa, kamusi za shule zilizokaliwa na wanafunzi wazito, naye akawarudishia vikiwa na majalada magumu, kama watu waliotoka kuoga na kubadilisha nguo. Kazi hiyo ilimlisha yeye na mkewe na kumsomesha binti yao Mbeke katika shule ya bweni. Lakini kazi iliyomfanya apige mluzi peke yake ilikuwa nyingine, na haikuwa na mteja.

Sebuleni kwake, juu ya redio, palikuwa na rafu ambayo mtu mwenye mikono ya mafuta hakuruhusiwa hata kuielekea. Hapo zilisimama juzuu za Mchunga Mawingu.

Mchunga Mawingu lilikuwa jarida la katuni la kila mwezi, lililochapishwa kwa karatasi hafifu yenye rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji mwenyewe hakuwa na jina. Alivaa kofia ya majani, akapiga mluzi, na mawingu yakamfuata kama mbuzi, akiyapeleka kwenye nchi zilizosahauliwa na mvua. Kulikuwa na wingu moja dogo, kaidi sana, ambalo kila mara lilibaki nyuma kulamba moshi wa treni. Watu wazima wenye akili zao walilipenda wingu hilo kuliko walivyopenda jamaa zao wengine, na mimi sioni kosa lao.

Muteti alikutana na Mwihaki kwa sababu ya wingu hilo. Mwaka wa tisini na tatu Mwihaki alikuwa na kibanda cha magazeti pale steji ya Kitengela. Alikuwa na tabia mbaya ya kusoma kila jarida kabla ya kuliuza, na mbaya zaidi, alimsimulia mnunuzi yaliyomo huku akimrudishia chenji. Mara ya kwanza Muteti alikasirika. Mara ya pili alisikiliza. Mara ya tatu alinunua jarida ambalo tayari alikuwa nalo nyumbani, na hapo hata wauza mahindi ya kuchoma wakajua kinachoendelea. Watu wa Muteti kule Makueni waliuliza kama wasichana wa Ukambani wameisha, watu wa Mwihaki kule Kiambu wakauliza kama kujalidi vitabu ni kazi au ni ugonjwa, halafu wote wakaja kula pilau.

Baada ya harusi, Muteti alianza kuyashona majarida yao pamoja, juzuu moja kwa kila mwaka. Alitoa pini zenye kutu, akapanga karatasi, akatoboa kwa msumari mwembamba na kushona kwa uzi wa viatu uliopakwa nta. Kila mjalidi hupunguza kingo za kitabu kwa kisu ili zilingane, lakini kwa juzuu hizi Muteti alikataa, maana kwenye kingo ndiko mikia ya mawingu ilikoishia. Mwihaki ndiye aliyechagua nguo. Juzuu ya kwanza ilivalishwa reksini ya rangi ya damu ya mzee, mabaki kutoka kwa watengeneza viti vya magari. Ya pili ilivalishwa kaki ya suruali ya Muteti iliyokwisha magotini. Ya tatu ilivalishwa kitenge ambacho Mwihaki alikivaa siku alipompeleka Muteti kwao Kiambu. Hakuna duka duniani ambalo lingekuuzia vitabu kama hivyo, na wao walilijua hilo, na likawapa kiburi kidogo.

Kisha ikaja mvua ya El Nino. Jarida la mtu anayehangaikia mvua likazuiwa na mvua! Mto ulifurika, barabara ikakatika, magari ya magazeti yakakwama upande wa pili. Maji yalipopungua, magazeti yalikuja lakini jarida halikuja. Wachapishaji walikuwa wametoa toleo la mwisho, wakafunga mlango, wakaenda zao. Nakala zilizobaki ziliuzwa kwa kilo kwa wenye maduka, wafungie sukari na nyama.

Toleo lililotangulia lilikuwa limewaacha pabaya. Mawingu yalikuwa yamefika kwenye ukingo wa bonde kavu, yakagoma kuvuka. Mchungaji aliyapigia mluzi mpaka midomo ikapasuka. Mwishowe aliweka fimbo chini, akashuka bondeni peke yake, kwenye ardhi iliyojaa nyufa, na chini ya picha wakaandika: Je, yatamfuata?

"Yalimfuata," Mwihaki alisema.

"Hayakumfuata," Muteti alisema. "Wingu haliko na huruma."

Wakabishana juu ya jambo hilo kwa miaka minane. Walibishana wakichambua maharagwe, wakitoka kanisani, wakisubiri chai ichemke. Mbeke alikua akidhani kila nyumba ina ubishi wake, kama vile kila nyumba ina sufuria yake kubwa. Muteti alizunguka Nairobi kwa wauza vitabu vya zamani, akachakura mpaka akajulikana kwa jina, lakini toleo hilo hakulipata, na mwisho wa rafu palibaki nafasi ya kitabu kimoja.

Mwaka wa elfu mbili na tano macho ya Mwihaki yakaanza kumtoroka. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango aliokuwa akiupita kila siku. Alimwagia mgeni chai kwenye goti. Daktari aliangalia kwa taa yake ndogo akasema ni presha ya macho, na kwamba walikuwa wamechelewa. Kuona kwake kungeisha pembeni kwanza, kukaendelea kupungua kuelekea katikati, mpaka katikati nako kufunge. Kwa wakati huo aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: kile kilichokuwa mbele yake hasa alikiona sawasawa, na kandokando kote kulikuwa na ukungu.

"Mawingu yangu yamefika," alisema walipotoka nje, akacheka, na Muteti akalazimika kugeuka aangalie mabango ya barabarani kwa muda.

Wiki hiyo Mwihaki alikaa mbele ya rafu akazisoma juzuu zote moja baada ya nyingine, kichwa kikienda polepole kutoka kona hadi kona. Alipomaliza aliweka kiganja kwenye ile nafasi tupu.

"Mimi siogopi giza sana, Baba Mbeke," alisema. "Lakini nilitaka kuona hiyo mwisho na macho yangu. Kitu moja tu."

Muteti alikuwa mtu wa kutengeneza vitu, na hapa palikuwa na kitu asichoweza kukitengeneza, na hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kusema.

Ndipo alipokuja Kuntai. Alikuwa kijana mrefu, mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Mashuuru, na alileta kitabu cha nyimbo za Kimaasai kilichogawanyika vipande viwili. Ule ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali, ng'ombe waliletwa mpaka barabara za Kitengela wakila makaratasi, na kila aliyetoka Mashuuru alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Muteti alikuwa ameleta juzuu ya pili dukani ili aibandike upya uti wake. Kuntai aliiona ikiwa wazi juu ya meza, akainama.

"Huyu mtu mnamjua aje?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyu wa kofia. Huyu ako nyumbani kwetu. Ako kwa ukuta."

Muteti aliweka brashi ya gundi chini pole pole sana.

Nyumba ya mama yake, Kuntai alieleza, ilikuwa ya mabanzi ya mbao, na upepo wa Mashuuru hauna adabu, unaingia hata pale ambapo mwanga hauingii. Kwa hiyo mama alikuwa amebandika karatasi ndani, ukuta mzima, kwa uji mzito wa ngano, kama wafanyavyo watu wengi. Kati ya kalenda na magazeti alikuwa amebandika kijitabu kimoja kizima cha katuni alichofungiwa sukari ndani yake. Kuntai aliwafundisha wadogo zake kusoma hapo, wakiwa wamelala kifudifudi kitandani.

"Huyo mtu anafanya nini kwa hiyo ukuta?" Muteti aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Ako na mawingu, ama ako peke yake?"

"Anashuka chini kwa bonde," alisema Kuntai. "Mawingu imebaki juu inamwangalia, na yeye anaongea na mawe." Mawe hayo hayakuwa katika juzuu yoyote ya Muteti.

Kuntai alitangulia kumwarifu mama yake, na Muteti na mkewe wakafuata Jumamosi, kwa pickup ya Githongo, aliyekuwa akipeleka marobota ya nyasi kwa wenye mifugo. Githongo alikuwa mtu wa maneno.

"Nimebeba wagonjwa, nimebeba maharusi, nimebeba mbuzi ya mchungaji," alisema. "Lakini watu wanaenda kusoma ukuta, hao sijawahi kubeba."

"Wewe endesha," Mwihaki alimwambia.

Walikunywa chai Kajiado, wakaiacha lami, na mbele yao nchi ikatandazika bila rangi. Mwihaki alikaa katikati akitazama mbele, ndani ya bomba lake, na kila kilichoingia humo alikitaja: mti mmoja, punda, vilima vya buluu vinavyoelea, mwanamke wa shuka nyekundu anayetembea kama hana haraka ya kufika popote. Muteti alimsikiliza, akatamani barabara ile isifike mwisho. Tena akatamani ifike upesi.

Mama Kuntai aliwapokea mlangoni. Muteti alimwamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," naye akaitikia "Iko," kisha akamshika Mwihaki mkono bila kuulizwa, akamwingiza ndani, kwa maana alikuwa ameona jinsi alivyokanyaga.

Ukuta ulikuwa umegeuka rangi ya asali kwa moshi. Mwanga wa dirisha dogo ulianguka juu yake, na humo, kuanzia mlangoni hadi kitandani, mawingu yalijaa. Mwihaki alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Alianza kutembea kandokando ya ukuta, kidole kikimtangulia, akisoma kwa sauti ya chini. Mchungaji anashuka. Mchungaji anaongea na mawe. Kule juu mawingu yananong'onezana. Lakini hadithi iliruka, ikaacha mapengo, kwa kuwa karatasi ina pande mbili na ukuta unaonyesha upande mmoja tu. Hata kurasa zenyewe hazikufuatana vizuri.

"Mama," Muteti aliuliza, "ulikuwa unachagua upande gani ukae nje?"

"Yenye iko na mawingu," alisema Mama Kuntai, kana kwamba ni swali la mtoto. "El Nino ilikuwa imeenda, kiangazi ikaja, ng'ombe zilikuwa zinaisha. Nikasema kama mawingu imekataa kukuja huko nje, wacha ikae hata hapa ndani."

Mwihaki alifika kwenye ukurasa wa mwisho, juu ya kitanda. Mawingu yote yalikuwa yamesimama ukingoni yakiangalia chini, na lile dogo kaidi lilikuwa limenyoosha kamguu kamoja hewani, upande wa bonde. Hapo hadithi ilikatika. Mwisho wenyewe ulikuwa nyuma ya karatasi hiyo hiyo, umelala na uso wake kwenye ubao.

"Na nyuma ya hii?" Mwihaki aliuliza.

"Huko hakukuwa na wingu hata moja," alisema Mama Kuntai. "Ndio nikapaka uji."

Baada ya miaka minane, Muteti alikuwa ameshinda ubishi, na hakuutaka ushindi huo hata kidogo. Mwihaki alisimama akiupapasa ule ukurasa kama mtu anayetafuta swichi ya taa.

"Mvua ikinyesha," alisema hatimaye, "huoni mawingu. Unaona mvua. Si ndio?"

"Ndio," Muteti alisema haraka.

"Basi tuangalie."

"Nikiitoa yote itararuka. Uji ukishika ubao, wino unabaki huko. Na hii ni nyumba ya watu."

"Kona tu," alisema Mwihaki. "Kona moja, Baba Mbeke."

Mama Kuntai akaenda kuchemsha maji. Aliishika birika karibu na ukuta, mvuke ukapanda, na Muteti akatoa mfukoni kisu chake butu cha mfupa, kile cha kukunjia karatasi. Alifanya kazi huku akizuia pumzi. Karatasi ililainika, ikanuka unga na moshi, ikainuka kidogo, kiasi cha kiganja cha mtoto, na ikaanza kuchanika. Hapo akaacha. Aliikunja ile kona kwa ncha ya kisu, akatazama.

Dole gumba la mguu. Chini yake ardhi. Juu ya ardhi, mistari ya nyufa, myeusi, iliyochorwa kwa uangalifu na mtu aliyezijua nyufa.

"Nini?" Mwihaki aliuliza. Alikuwa begani kwake, kichwa kimeinama. "Unaona nini?"

"Matope," alisema Muteti.

"Matope?"

"Mguu. Umejaa matope. Matope mengi sana."

Mama Kuntai, birika mkononi, alikuwa ameona pia. Alimtazama Muteti, akamtazama Mwihaki.

"Ee," alisema. "Hiyo ni matope."

Mwihaki akavuta pumzi ndefu, akacheka mpaka akaketi kitandani. "Nilikuambia! Nilikuambia kaingu kadogo katavuka, wengine wafuate!" Muteti alirudisha ile kona mahali pake, akaipaka uji, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Aliona aibu na aliona furaha, na hakuweza kujua ipi ni ipi.

Walipoaga, Mama Kuntai alikata kipande kwenye pindo la shuka yake nyekundu kuukuu, akamwekea Mwihaki mkononi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa habari za vitabu vinavyovalishwa nguo za watu.

"Sasa utaivalisha kitabu gani?" Muteti aliuliza njiani. "Kitabu chenyewe kimebaki kwa ukuta."

"Nishonee tu karatasi tupu," alisema Mwihaki. "Rafu haiwezi kukaa hivyo kama mtu ameng'oka jino."

Mtu asiyekusanya vitu atasema huo ni wazimu. Muteti aliona ni jambo la maana kabisa. Alikata karatasi nyeupe kwa kipimo cha jarida, akazishona kwa uzi uleule, akaweka mbao za kadibodi ngumu, akavalisha shuka nyekundu. Juzuu ya mwisho ikaingia pale juu ya redio, ikakaza, na rafu ikawa kamili.

Macho ya Mwihaki yalifunga taratibu, kama duka ambalo mwenyewe bado anaongea na wateja mlangoni. Siku ilifika akaomba taa iwashwe na taa ilikuwa inawaka. Alilia siku hiyo, na Muteti alilia naye, wala sitalifanya kuwa jambo dogo. Kisha maisha yakaendelea, kwa kutumia mikono zaidi kuliko macho.

Wakajizoesha jambo moja. Jumapili alasiri, baada ya kanisa, waliketi chini ya rafu na kuifungua ile juzuu nyekundu. Kurasa za mawingu zilikuwa za Mwihaki. Alizisimulia zote kwa kichwa, jinsi alivyoziona Mashuuru. Kurasa za upande wa ukutani zilikuwa za Muteti. Yeye aliyekuwa mtu wa maneno machache, asiyekuwa na imani na mawingu, alilazimika kuyaleta hadi mwisho huo. Mwanzoni alikuwa na tone moja tu kwenye kofia ya majani. Jumapili iliyofuata akaongeza vyura. Akaongeza watoto wanaoteleza, mwanamke anayeweka sufuria nje, kiatu cha mchungaji kilichozama kisirudi. Kila mara alimalizia kwa mguu ule na matope, na kila mara Mwihaki alitikisa kichwa kwa raha.

Mwishoni mwa mwaka wa elfu mbili na sita mvua ilirudi kweli. Ilianguka juu ya mabati ya Noonkopir kwa nguvu hivi kwamba Muteti alilazimika kusoma karibu na sikio la mkewe. Udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa umegeuka kuwa kitu kinachovua watu viatu, na mle ndani hewa ilinukia ardhi.

"Akashuka mpaka chini," Muteti alisoma kwenye karatasi nyeupe. "Akakanyaga, na mguu wake ukazama kwenye matope mpaka kwa—"

"Zilikuwa nyufa," alisema Mwihaki.

Muteti aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Mvua ikaendelea.

"Nini?"

"Hiyo kona. Zilikuwa nyufa, na dole gumba. Kwani umesahau daktari alisema aje? Pembeni ndio kulikuwa kumeenda. Katikati nilikuwa bado naona. Na wewe ukanishikia hiyo kona hapo katikati kabisa."

Mkono wa Muteti ulikuwa bado juu ya ukurasa, na Mwihaki akautafuta, akaufunika kwa wake.

"Mbona hukusema?" Muteti aliuliza.

"Ulikuwa umenishinda," alisema Mwihaki. "Miaka hiyo yote, ukanishinda, halafu ukachukua huo ushindi ukanipa mimi. Ningekurudishia aje kitu kama hiyo?"

Machozi yalimtoka Muteti, yakaangukia karatasi, na kwa mara ya kwanza kukawa na alama kwenye ukurasa ule. Mwihaki aliusikia unyevu kwa ncha ya kidole. Akausambaza kidogo, pole pole, kuelekea ukingoni.

"Endelea," alisema. "Tulikuwa tumefika kwa matope."